Nusu Kichwa cha Karani

Jumapili ile niliiandika katika daftari langu kwa mstari mmoja tu: "Saa tisa na dakika kumi, karani amesimama." Mengine hayakuandikika. Nilikuwa nacheka, na mkono wa mtu anayecheka hauandiki.

Ilikuwa Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini, na mimi nilikuwa mkalimani wa kulipwa kwa siku katika ofisi moja ya serikali iliyokuwa ikitoa vibali vya kukaa kwa wageni. Nilikuwa nimetoka Tanzania kuja kusoma, nikapanga chumba mtaa wa Berea, na asubuhi tatu kwa wiki nilikaa kwenye kiti cha plastiki kati ya dirisha na foleni, nikigeuza Kiswahili kuwa Kiingereza na Kiingereza kuwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kila aina: cha Tanga, cha Nairobi, na zaidi ya vyote cha Kongo, ambacho wiki ya kwanza kilinitoa jasho na wiki ya pili nikakipenda. Siku ya kuanza kazi niliapishwa: nitafikisha maneno yalivyo, sitaongeza, sitapunguza. Kiapo kile kilinikaa vizuri. Mimi ni mtu ninayepanga penseli zangu kwa urefu.

Karani ninayemzungumzia ndiye aliyekaa upande wa pili wa dirisha langu. Alikuwa mwanamke wa Kizulu wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, mwenye sauti ya kwaya, na katika majuma yale hapakuwa na mtu mwenye hofu kumzidi katika jengo zima. Mwaka wake wa majaribio kazini ulikuwa unakwisha. Mume wake alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, eneo la Jacobs, tangu Pasaka, watoto watatu walikuwa shuleni, na Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi angekaa mbele ya jopo la watu watatu ambao wangeamua kama anathibitishwa kazini au anarudi nyumbani.

Halafu kulikuwa na kijitabu. Serikali mpya ilikuwa imewatungia watumishi wake kanuni za maadili, na sanduku zima la vijitabu lilifika ofisini kwetu. Mkuu wa kitengo, Mhindi mwembamba aliyevaa tai hata siku ambazo lami ilikuwa ikiyeyuka, alitugawia kimoja kimoja kwa mikono miwili. Kilisema mtumishi wa umma awahudumie watu bila upendeleo; asitumie nafasi yake kujinufaisha; asipokee zawadi wala fadhila kutoka kwa mtu mwenye shauri ofisini; na mambo yake binafsi yakigusana na kazi yake, aseme kwa maandishi na ajitoe katika shauri hilo. Wenzetu wengi walikitumia kuwekea vikombe vya chai. Karani alikikariri. Aliyemletea machungwa alirudishiwa machungwa. Siku moja alimkimbiza mzee wa Kirundi mpaka kwenye robot ya pili, maana taa za barabarani hapa zinaitwa robot, ili amrudishie mfuko wa karanga. Alirudi anahema, kiatu kimoja mkononi, akaita, "Anayefuata!"

Ijumaa, tulipokuwa tunafunga dirisha, alijitazama kwenye kioo na kushika nywele zake kwa vidole viwili.

"Sisi," akaniambia, yaani dada, kama wanavyoitana wanawake huku, "kichwa hiki hakiwezi kuingia mbele ya jopo. Wale Wakongo wako wanasuka vizuri. Nipeleke."

"Si Wakongo wangu."

"Unaongea lugha yao, basi ni wako. Jumapili, baada ya ibada ya kwanza."

Nikampeleka mtaa wa Overport, kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la simu, ambako na mimi nilikuwa nikisukwa. Msusi alikuwa mama wa Kikongo mwenye mwili mkubwa na vidole vyembamba, kana kwamba vidole vilikuwa vya mtu mwingine. Alisuka peke yake, rasta ndogondogo za kazi ya saa nane, na alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwa msusi mwingine: alianza kushoto, akamaliza kushoto kabisa, ndipo alipovuka kwenda kulia. Kama mtu anayelima shamba la mwenzake kabla ya lake. Mtu akimwambia achanganye kidogo hapa na kidogo pale, alimwonyesha mlango.

Tulifika saa tano. Msusi alimtazama karani mlangoni, akamtazama tena, akatabasamu na kuanza kuimba kwa sauti ya chini. Sikutilia maanani. Niliandika rangi ya kuta, nikaandika bei iliyobandikwa ukutani, nikasinzia.

Saa tisa na dakika chache upande wa kushoto ulikwisha. Misuko ilishuka mpaka begani, myembamba, sawasawa, yenye kung'aa. Karani akajipapasa, akafurahi, akafungua mkoba wake aandae malipo mapema.

"Mwulize ni ile bei ya ukutani?"

Nikauliza. Msusi akacheka mpaka kitana kikamtoka mkononi.

"Mwambie mama ya serikali, kwake hapa hakuna kulipa."

Nilifikisha maneno yalivyo. Gazeti lililokuwa magotini pa karani likaanguka sakafuni.

"Mama wa nini? Amenijuaje?"

"Minamujua tangu mulangoni," msusi akasema, akiwa ameshika kiuno. "Ile siku ya mvua mukubwa, miye niko inje na mutoto mugongoni. Batu mia mbili kwenye foleni. Yeye akatoka, akaniingiza ndani, akanipa kiti. Kiti! Mungu ameniletea kichwa yake mu mikono yangu, halafu nikamate pesa? Minakataa."

"Mwambie sikumbuki," karani akasema.

"Yeye hawezi kukumbuka. Miye ndiye nilikaa."

"Mwambie kile kiti ni cha serikali. Ashukuru serikali."

Nikapeleka. Msusi akaokota kitana chake. "Serikali haina nywele," akajibu.

Hapo ndipo nilipoanza kucheka, na nakiri kwamba mkalimani hapaswi kucheka. Karani hakucheka. Aliuliza kwa sauti ndogo sana, sauti ya mtu anayegusa maji kujua kama ni ya moto: "Mwulize shauri lake limefika wapi."

"Dosye yangu, ile faili? Iko kwenye meza yake. Walisema wiki hii."

Saa tisa na dakika kumi, karani amesimama.

Alisimama na taulo shingoni, kitana cha mkia kikiwa kimechomekwa juu ya sikio la kulia. Upande wa kushoto alikuwa mtu wa kupigwa picha. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimechanwa tayari kwa kusukwa, zimesimama wima, zikitazama Overport nzima.

"Kwa nini hakusema mlangoni?" akalia. "Kwa nini hakusema saa tano?"

"Nilitaka nifike nusu kwanza," msusi akasema kwa utulivu. "Mutu akifika nusu hawezi kukimbia."

Karani akakimbia.

Hakwenda mbali mwanzoni. Alifika mbele, kwenye duka la simu, aombe kumpigia mkuu wa kitengo nyumbani. Kijana wa Kikongo mwenye zamu alisikia habari yote kupitia pazia. Alimpa simu kwa heshima, akafuta kipokeo kwa shati lake, akasema, "Bure, mama. Kwa mutu wa serikali ni bure."

"Hapana!" karani akapiga kelele nilipomfasiria, akamwaga sarafu mezani zote alizokuwa nazo, hata zile za taxi. Simu iliita, ikaita, hakuna aliyepokea. Wakati huo mteja mmoja, naye Mkongo, akamletea soda iliyofunguliwa tayari ili atulie. Karani aliitazama ile chupa kama mtu anavyotazama nyoka.

"Sisi, nitoe hapa. Kila mtu hapa ana faili!"

Mkuu wa kitengo alikaa hukohuko Overport, barabara tatu juu. Tukatoka. Karani mbele, mwendo wa kwenda kuzima moto. Mimi nyuma yake na daftari. Na nyuma yangu, nikasikia kandambili. Msusi alikuwa anakuja, pakiti ya rasta kwapani, kitana cha pili mkononi.

"Mama, rudi nyumbani," nikamwambia. "Tunakwenda kwa mkubwa wake."

"Kichwa yangu haitembei vile. Batu watauliza, nani amesuka? Watasema ni miye."

"Ni kichwa chake."

"Shoto ni yangu."

Sasa jiweke mahali pa watu waliokuwa barabarani alasiri ile. Wanamwona mwanamke anakimbia na nusu kichwa, taulo la saluni shingoni, na nyuma yake msusi anamfuata na kitana, anaita kwa lugha isiyojulikana. Maana yake ni moja tu. Kwenye robot, kondakta wa taxi, ambayo huku ni daladala, alitoa nusu ya mwili dirishani.

"Eish, sisi! Lipa hela ya watu!"

"Sharp, mama, mkamate!" abiria mmoja akaitikia.

Karani akageuka. "Nataka kulipa! Yeye ndiye hataki!"

Taxi nzima ikaangua kicheko. Mwanamke aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma kwenye kona, mwenye mikono ya kubeba magunia, akaweka koleo chini, akaja kusimama katikati ya njia.

"Binti yangu," akamwambia karani kwa Kizulu, nami nilikuwa nimeshajua Kizulu cha kutosha kufurahia, "hata mimi nimewahi kukosa hela. Lakini huinuki kwenye kiti cha mtu ukaondoka hivi. Rudi ukaongee naye."

"Mama, sikiliza. Anataka kunisuka bure."

"Bure?"

"Bure."

Yule mama akamtazama msusi. Msusi, ambaye hakuelewa neno, alidhani anasifiwa. Akainua msuko mmoja wa kushoto kuonyesha kazi. Muuza mahindi akaushika, akaupima kwa kidole gumba, akanigeukia.

"Mwambie," akasema, "kama huyu hataki, na mimi nina kichwa."

Nilifikisha maneno yalivyo. Hapo hata karani alicheka, cheko la kukata tamaa ambalo lilianza likashindwa kusimama, na tukapanda mlima wa mwisho watu watatu tumeshikana mikono ili tusianguke, bila kujua tena nani anamkimbia nani.

Mkuu wa kitengo alikuwa bustanini kwake anamwagilia maua. Sikuwahi kumwona bila tai. Shingo yake ilionekana kama ya mtu mwingine. Alimwona karani getini, na mpira wa maji ukamwagilia viatu vyake kwa muda mrefu.

"Nani amekupiga?" akauliza.

Karani akaeleza yote kwa pumzi moja, amesimama wima kama yuko gwaride. Nilitazama uso wa yule bwana ukibadilika, na nilitegemea hasira, maana ilikuwa Jumapili. Haikuwa hasira. Ilikuwa furaha. Alikuwa amegawa vijitabu kwa mikono miwili, akaviona chini ya vikombe vya chai, na leo hii, kwa mara ya kwanza, mtu alikuwa amekuja kwa miguu mpaka getini kwake kutangaza kwamba mambo yake binafsi yamegusana na kazi.

"Ingieni," akasema. "Ingieni, ingieni!"

Alitukalisha barazani. Akaingia ndani, akatoka na kijitabu chake, chenye mistari ya wino wa njano kila ukurasa. Fomu za ofisi hazikuwepo nyumbani, kwa hiyo akachana karatasi katika daftari la hesabu la mtoto wake. Mke wake akaleta chai na sambusa. Karani aliificha mikono nyuma ya mgongo.

"Kula," mkuu akasema. "Mimi sina shauri katika ofisi yako."

Msusi hakungoja tafsiri. Alikula tatu, akataka kujua kilichomo ndani.

Basi tamko likaandikwa, na mimi nikawa nasoma kila sentensi kwa lugha mbili. Kwamba karani, bila kujua, ameketi kwa mtu ambaye faili lake liko mezani kwake. Kwamba amesukwa upande wa kushoto. Mkuu alisimama kuchungulia kichwa, akahesabu kwa macho, akauliza, "Tuseme nusu?" Msusi akasema ni nusu kamili, yeye hakosei katikati. Ikaandikwa: nusu ya kichwa. Kwamba faili litahamishiwa kwa ofisa mwingine kesho asubuhi, na karani hataligusa wala kuliulizia.

"Na nusu iliyobaki?" karani akauliza. "Naweza kumalizia leo?"

Mkuu akafungua kijitabu. Akafunga. Akafungua tena, nyuma zaidi.

"Faili likishaamuliwa na mwingine, wewe ni mteja kama mteja yeyote, kwa bei ya ukutani. Labda Alhamisi."

"Lakini jopo langu ni kesho!"

Mkuu aliruka kama aliyekalia sindano. "Usiniambie habari ya jopo! Mimi ni mmoja wa jopo! Hapa tunazungumzia nywele tu. Nywele!" Akajifuta paji la uso kwa leso. "Sasa, malipo ya nusu. Lazima alipe leo, iandikwe imelipwa. Vinginevyo amepokea fadhila."

Hapo ndipo furaha yote ilipogonga ukuta. Karani alichomoa noti kutoka mfuko wa ndani wa mkoba. Nusu ya bei ilikuwa randi hamsini. Msusi akakunja mikono kifuani. Karani akaiweka mezani. Msusi akaisukuma kwa sahani ya sambusa. Nilimsomea kifungu cha zawadi. Nilimsomea kifungu cha fadhila. Nilimsomea mpaka kifungu cha matumizi ya magari ya umma, kwa bahati mbaya.

"Ile kitabu ni ya kwao," msusi akasema. "Miye niko na yangu. Mutu aliyekukalisha, haumulipishi."

Nikamtazama karani. Alikuwa anaishika ile noti kwa vidole viwili, kama alivyoshika nywele zake Ijumaa, na macho yake yalikuwa yamejaa.

Saa nzima nilikuwa nimefikisha maneno yote yalivyo, sikuongeza, sikupunguza, na lile neno moja lililotakiwa halikuwa limesemwa na mtu yeyote, kwa hiyo sikuwa nimelifikisha. Nikamgeukia mkuu.

"Naomba ruhusa niongeze neno langu."

"Leo uko kazini?"

"Hapana, bwana. Ni Jumapili."

"Basi mdomo ni wako."

Nikasogeza kiti changu karibu na msusi. "Mama," nikamwambia, "mume wake hana kazi. Kesho asubuhi watu watatu wanaamua kama abaki pale dirishani au aondoke. Ukimsuka bure, wanaweza kumwondoa. Si kwa sababu ni mbaya. Kwa sababu ya zawadi yako."

Msusi aliacha kutafuna. Akamtazama karani kushoto, akamtazama kulia.

"Wanaweza kumufukuza? Juu ya kusuka?"

"Juu ya kusuka."

"Na juu ya nini haukusema tangu saa tisa?" akanifokea. "Unanisomea kitabu, unanisomea magari! Wee mudada, uko mukalimani ya namna gani?" Akanyoosha kiganja kwa karani, akivipunga vile vidole vyembamba. "Leta. Leta, mama. Leta mbio!"

Karani akampa. Msusi akaikunja noti, akaitia kifuani, akalia kidogo na kucheka zaidi. Mkuu akaandika: imelipwa. Tukatia sahihi sote wanne, na mke wa mkuu akatia ya tano, ingawa hapakuwa na mstari wake.

Njiani kurudi msusi alijitolea kufumua, angalau kichwa kiwe cha namna moja. Karani akakataa.

"Mwambie asante. Karatasi imeandikwa nusu. Kesho nikienda bila nusu, itakuwa nimeificha."

Jumatatu alikuja amefunga kilemba cha bluu, kikubwa, kimevimba upande mmoja tu. Nilikuwa kwenye benchi la korido nikingoja dirisha lifunguliwe. Mkuu alipita na tai yake, akamsalimia kwa "habari za asubuhi" ya mtu asiyemjua vizuri. Akaingia, na pamoja naye wanajopo wawili: mzee wa idara nyingine, na mama mmoja mkubwa kutoka makao makuu, mwenye miwani ya mnyororo na sura isiyobembelezeka. Saa mbili na nusu karani akaitwa. Mlango ukafungwa.

Dakika kumi, sauti za kawaida. Maswali, majibu. Halafu nikasikia kiti kikivutwa, mlango ukafunguka, na mkuu wa kitengo akatoka. Akaja kukaa kwenye benchi pembeni yangu, mgongo wima, mikono magotini.

"Kuna nini, bwana?" nikauliza.

"Wamemwambia atoe mfano wa siku aliyotumia kanuni za maadili," akasema, akitazama ukuta wa mbele. "Ameanza kukariri kijitabu. Akakwama. Akavua kilemba."

"Halafu?"

"Jambo hilo nalijua, nimelitia sahihi. Nimetamka mbele ya jopo na nimejitoa. Swali hilo hawezi kupata maksi kutoka kwangu."

Tukakaa. Alitoa pipi ya mnanaa mfukoni, akanielekezea, akasita, akairudisha mfukoni. Mle ndani sauti ya kwaya ilikuwa inapanda na kushuka. Nikasikia "serikali haina nywele" kwa Kiingereza. Halafu likaja cheko la mzee, la kukohoa. Halafu jingine juu yake, nene, refu, lenye mnyororo wa miwani ukilia ndani yake. Mkuu wa kitengo alitazama ukuta vilevile, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na tai yake ilikuwa inaruka juu chini.

"Naona wanaendelea vizuri," akasema.

Mlango ulipofunguka karani alitoka kilemba mkononi, nusu yake ya kushoto inang'aa. Yule mama wa makao makuu alimfuata mpaka kwenye korido, akamgeuza kwa bega ili aone kisogo, akapapasa msuko mmoja.

"Kazi safi hii. Niambie, anakaa wapi huyu msusi?"

Karani akasimama wima.

"Samahani, mama," akasema. "Siwezi kumtaja. Ana shauri katika ofisi hii."

Yule mama akauachia msuko. Kisha akamgeukia mkuu wa kitengo pale kwenye benchi. "Wewe rudi ndani," akamwambia. "Tumebakisha karatasi moja tu ya kutia sahihi."

Karani aliendelea na nusu kichwa mpaka Ijumaa, akiwahudumia watu dirishani bila kilemba. Foleni haikuwahi kuwa na furaha kiasi kile. Faili la msusi liliamuliwa na ofisa mwingine ambaye hakujua chochote kuhusu kiti, na kibali kikaongezwa. Jumamosi tulirudi Overport, karani na barua yake ya kuthibitishwa kazini ndani ya mkoba, akanisomea mara tatu chini ya mashine ya kukaushia nywele. Msusi alianza upande wa kulia, akamaliza upande wa kulia. Pakiti mpya ilikuwa nyeusi kidogo kuliko ya kwanza, ukitazama juani unaona mstari katikati. Karani akalipa bei ya ukutani iliyobaki. Msusi akaipokea bila neno, lakini karani alipogeuka nilimwona anaongeza mto wa pili kwenye kiti alichokalia.

Kando ya bei, ukutani, alikuwa amebandika karatasi mpya, herufi kubwa za kalamu nyekundu: BATU YA SERIKALI BANALIPA. HAKUNA KUBISHANA.